Ndala Iliyobaki Njiani

Leo naanza na ndala.

Asubuhi moja ya msimu wa machungwa, hapa kwetu Muheza, bibi mmoja aliingia kwenye duka langu la dawa amevaa ndala moja. Mguu wa kushoto ulikuwa na ndala ya bluu. Wa kulia ulikuwa mtupu, umejaa tope hadi kwenye kifundo. Akanisalimu vizuri tu, akaegemea kaunta, akatoa karatasi yake ya dawa. Nikadhani ndala imemkatikia. Sijamaliza kuhesabu vidonge, mtoto wa shule akachungulia mlangoni: "Bibi, ndala yako hii, umeiacha pale kwenye bodaboda." Bibi akatazama chini. Akautazama ule mguu kwa muda, kama anatazama mguu wa mtu mwingine. Hakuwa na habari. Alikuwa ametembea hatua kama sitini juu ya kokoto na tope, na mguu haukumletea taarifa yoyote.

"Bibi, mguu huo una nini?"

"Aa, mwanangu, hiyo ni sukari tu."

Mambo mengine ya bibi huyu nimeyageuza kidogo ili majirani wasimtambue, lakini neno hilo sikuligeuza. Ni sukari tu. Nalisikia kaunta kwangu karibu kila wiki. Mtu akishaandikiwa kwenye daftari la kliniki kwamba ana kisukari, kila kinachomuuma baada ya hapo kinatiwa kwenye gunia hilo hilo na kufungwa kamba. Macho yanafifia, sukari. Usingizi hauji, sukari. Miguu inawaka moto, sukari. Na mara nyingi ni kweli, hilo nisilifiche: sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na huanzia miguuni. Ninachokitilia shaka ni hilo neno dogo la mwisho, "tu", kwa sababu ndilo linalomfanya mtu asiulize tena.

Nikamwomba anioneshe dawa zake zote. Akafungua mkoba, akatoa mfuko wa rambo. Mifuko ile ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini akina bibi wana akiba yao, na dawa ndizo wanazozifunga humo. Mle ndani mlikuwa na metfomini, vidonge vya miligramu 1000, kimoja asubuhi kimoja jioni. Dawa ya presha. Omeprazoli, ya vidonda vya tumbo, ambayo alianza kuitumia siku nyingi na hakuna aliyewahi kumwambia aache. Diklofenaki ya kupunguza maumivu, ambayo kwa mtu wa presha na vidonda vya tumbo ilinitia hofu kwa sababu zake nyingine, lakini hiyo tutaizungumza siku yake. Na kopo la unga wa mlonge.

"Metfomini umeanza lini?"

Akafikiri. "Huyu mjukuu wangu wa mwisho alikuwa hajazaliwa." Mjukuu yuko darasa la tano.

Hebu tuizungumze dawa hii, maana pengine wewe unayenisikiliza unayo mezani sasa hivi. Metfomini haikuzuka juzi. Asili yake inakwenda hadi kwenye mmea mmoja wa Ulaya, Galega officinalis, ambao watu wa huko walikuwa wakiutumia tangu zamani. Kemikali iliyopatikana kwenye mmea ule ilishusha sukari lakini ilikuwa na sumu, wataalamu wakahangaika kutafuta ndugu yake aliye mpole. Daktari Mfaransa aitwaye Jean Sterne akaijaribu metfomini kwa wagonjwa, na mwaka 1957 akatangaza matokeo. Jina la biashara alilolipendekeza ni Glucophage, maana yake mla sukari. Marekani waliichelewesha hadi mwishoni mwa 1994. Leo ni dawa ya kwanza kuandikwa kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha watu wazima duniani, bei yake ni ya mtu wa kawaida, na utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 1998 ulionesha kwamba kwa wagonjwa wenye uzito mkubwa ilipunguza hata vifo. Nayasema haya mapema kwa makusudi. Asitokee mtu kesho akasema yule wa redio ametuambia metfomini ni sumu, akazitupa chooni. Nikisikia hivyo nitalia.

Sasa, tangu mwanzo wa miaka ya 1970 madaktari walikwisha kuona kwamba baadhi ya wanaoitumia kwa muda mrefu hupungukiwa na vitamini B12. Habari hiyo ilikaa kwenye vitabu kama barua isiyofunguliwa. Mwaka 2010 ukatoka utafiti wa Uholanzi: wagonjwa 390 waliokuwa wakitumia insulini, nusu wakaongezewa metfomini mara tatu kwa siku, nusu vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa miaka 4 na ushee. Waliopata metfomini, B12 yao ikashuka kwa asilimia 19 ukilinganisha na wenzao. Juni 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ikawaandikia madaktari wake kwamba upungufu huu sasa uhesabiwe miongoni mwa madhara ya kawaida ya dawa, yaani yanayoweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10, na hatari huongezeka kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka inavyokwenda. Toka 1971 hadi 2022. Miguu mingapi imewaka moto hapo katikati!

Kwa nini hutokea kimya kimya? Bibi huyu ni mkulima, na nilipomweleza kwa ghala alinielewa haraka kuliko wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi dukani. Ini lako lina ghala la B12. Mwili unahitaji kiasi kidogo mno kwa siku, mikrogramu 2.4 kwa mtu mzima, kitu ambacho ukikimwaga kwenye kiganja hukioni. Na ghalani mna miligramu kadhaa, akiba ya miaka, kwa kawaida 3 hadi 5. Kwa hiyo ukianza kuingiza kidogo leo, leo hulali njaa, na mwakani hulali njaa. Unakula akiba. Siku ghala linapobaki vumbi, wewe umekwisha kusahau ni lini gunia la mwisho liliingia. Dawa nyingine ikikudhuru inakudhuru wiki ile ile, ukavimba au ukatapika, ukaishuku. Hii inakuja baada ya miaka, na mgonjwa, nesi na daktari wote wanatazama upande mwingine.

Na njia ya kuingilia ghalani ni ndefu. B12 iko kwenye vyakula vya wanyama peke yake: maini, figo, nyama, samaki, mayai, maziwa, na dagaa wetu hawa. Haimo kwenye mchicha, haimo kwenye kisamvu, na haimo kwenye mlonge hata kama muuzaji atakuambia unatibu maradhi 300. Ukishakula, asidi ya tumbo inaitenganisha na nyama. Kisha kuna protini itokayo kwenye ukuta wa tumbo inaibeba safari yote ya utumbo mwembamba hadi karibu na mwisho wake, na pale, kwa msaada wa kalsiamu, inapokelewa. Metfomini, kwa jinsi wataalamu wengi wanavyoeleza, inavuruga pale kwenye mlango wa mwisho. Omeprazoli inapunguza asidi, kwa hiyo inavuruga mlango wa kwanza. Umri nao hupunguza asidi ya tumbo bila kuomba ruhusa. Na bibi yetu, tangu aambiwe ana kisukari, majirani walimshauri aache nyama. Akaacha. Akaacha na maziwa. Ugali wa dona, mboga za majani, maharage. Chakula kizuri, lakini punje ya B12 hakina. Milango miwili imebanwa na shambani hakuna kilichovunwa.

Nikamuuliza miguu inamfanyaje. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu nimekuwa nikisikiliza watu wakieleza maumivu kwa miaka zaidi ya 20, na naamini Kiswahili kinatusaidia na kinatuponza kwa wakati mmoja.

Kinatuponza kwa neno mshipa. Mshipa wa damu ni mshipa. Mshipa wa fahamu ni mshipa. Kano inayokaza nyuma ya goti, mshipa. Ngiri ya baba watu, nayo tunaiita mshipa. Mtu akisema "mishipa inaniuma", huyu anamkimbiza kwa fundi wa kuchua, yule anampa dawa ya kulegeza misuli, wa tatu anampimia presha, na kila mmoja ametibu mshipa wake.

Lakini ukimwachia mtu nafasi aseme zaidi, lugha inajisahihisha. Bibi aliniambia: "Usiku, mwanangu, nyayo zinawaka kama nimekanyaga majivu ya moto. Nikitoa miguu nje ya shuka napata nafuu. Halafu kuna sisimizi, wanapanda, wanapanda, wanafika hapa wanasimama." Akagusa kidogo juu ya kifundo. "Na mchana ni kama nimevaa soksi, na soksi sina." Hakuna kitabu kinachoeleza vizuri zaidi ya hapo. Kuwaka, sisimizi, kuchomwa sindano, ganzi inayoanzia vidoleni miguu yote miwili na kupanda polepole kama soksi inavyovutwa: hayo ni maneno ya mshipa wa fahamu. Huanzia miguuni kwa sababu nyuzi zinazofika huko ndizo ndefu kuliko zote mwilini. Kila uzi una utando wa mafuta unaouzunguka kama ala inavyolizunguka panga, na B12 ni miongoni mwa vinavyoitunza ala hiyo. Ikiliwa na kuchanika, habari zinazopita zinafika zimeharibika. Baridi inasomeka moto, mguso wa shuka unasomeka kisu. Mwisho hazifiki kabisa, na ndala inabaki kwenye bodaboda.

Halafu akasema jambo ambalo hakuliona kubwa. Alfajiri akitia udhu, akifika kwenye kuosha uso, anayumba. Mara mbili ameshika ukuta. Alidhani ni presha. Madaktari wanaijua dalili hii tangu karne ya 19, na ina jina la Romberg, daktari wa Berlin: mtu ambaye miguu yake haitoi tena habari za ardhi hutegemea macho kusimama, na akiyafumba, hata kwa sekunde za kujimwagia maji usoni, mwili haujui uko wapi. Sukari peke yake huweza kuleta hilo ikiwa imefika mbali. B12 ikipungua inaweza kugusa hata uti wa mgongo, na hapo kuyumba huja mapema. Nilipoyasikia hayo, kidonge cha maumivu alichokuja kununua niliona aibu kumuuzia.

Kwa nini nasema aibu? Kwa sababu siku za nyuma ningemuuzia, na ningemwongezea vile vidonge vyekundu vya neva. Mnavijua. Vina B1, B6 na B12 pamoja, vinauzika kama njugu, na hakuna duka la dawa Afrika Mashariki lisilokuwa navyo. Nimeviuza sana, mchana kweupe, kwa kila aliyesema "mishipa". Shida yake si kwamba ni bandia. Kwanza, mtu akivimeza wiki mbili kisha akapimwa damu, kiwango cha B12 kinaonekana kizuri, daktari anasema hapa hakuna kitu, na ukweli unafunikwa. Pili, B6 ikizidi sana nayo inaharibu mishipa ile ile. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu 7 waliokuwa wakimeza B6 gramu 2 hadi 6 kwa siku, wakaishia kushindwa kutembea vizuri. Hicho ni kiasi kikubwa kupindukia, sawa, lakini mahitaji ya mwili hayafiki hata miligramu 2 kwa siku, na baadhi ya vidonge hivi vina miligramu 100 au 200 kila kimoja. Mtu anavimeza vitatu kwa siku, mwaka mzima, kwa kuandikiwa na jirani.

Na ikiwa unadhani mambo haya ni ya wenye kisukari peke yao, waulize waliowahi kutumia dawa za kifua kikuu. Isoniazidi ilipoingia mwaka 1952 ilikuwa neema, watu waliokuwa wakisubiri kufa wakaanza kucheza dansi wodini. Muda si mrefu wengine wakalalamika nyayo zinawaka. Ikabainika dawa ile inaiondoa mwilini B6, na ukimpa mgonjwa B6 kidogo kila siku unamkinga. Ndiyo maana leo ukipewa dawa kinga ya kifua kikuu unapewa na kidonge kile kidogo cha pairidoksini, yaani hiyo B6, na ndicho wengi wanachokiacha kwa sababu "si dawa yenyewe". Kimeze. Kipo pale kwa ajili ya miguu yako. Tofauti ya hadithi hizi mbili inanisumbua: ya kifua kikuu ilishughulikiwa miaka michache tu baada ya dawa kutoka, ya metfomini bado tunakumbushana. Nadhani ni kwa sababu kwenye kifua kikuu hakukuwa na ugonjwa wa kusingiziwa. Kwenye kisukari, sukari ipo pale pale, mtuhumiwa wa kila siku.

Basi bibi hakuondoka na dawa ya maumivu. Aliondoka na karatasi niliyomwandikia dawa zake zote, pamoja na mlonge, na mwaka alioanza kila moja, kadiri ya umri wa wajukuu. Chini nikaandika aliyoyasema: kuwaka usiku, ganzi kama soksi, kuyumba akiosha uso, ndala. Nikamwambia, "Usiiache metfomini. Mpe daktari karatasi hii, na umwulize kama B12 yako imewahi kupimwa."

"Nimwulize daktari?"

"Mwulize, bibi. Hatakula mtu."

Hospitali aliyokwenda siitaji. Mara ya kwanza alirudishwa nyumbani na maneno yale yale, ni sukari tu mama, punguza wali. Mara ya pili alikutana na daktari kijana, akaisoma karatasi yote. Akamgusa vidole vya miguu kwa uzi mgumu wa plastiki, akamfumba macho, akamwekea kwenye kidole gumba uma wa chuma unaotetema na kumuuliza kama anausikia, hakuusikia. Akamkagua na ngozi, na hilo lilinifurahisha, kwa sababu ukoma haujatutoka nchini, na doa lisilohisi ni la kutafutwa kabla hujasema neno jingine. Akauliza kuhusu pombe, akapima figo na virusi. Picha ya damu ikaonesha chembe nyekundu kubwa kuliko kawaida, dalili nyingine ya kushuku. B12 yenyewe haipimwi kila mahali, na pale inapopimwa si kwa bei ya chai na maandazi. Damu ikapelekwa Dar es Salaam. Ilirudi iko chini.

Wakati wakisubiri majibu, jirani mmoja mwenye huruma alimletea vidonge vya foliki asidi, vile wanavyopewa wajawazito, aongeze damu. Kwa bahati bibi aliniuliza kwanza. Msikilizaji, hili wengi hawalijui: foliki asidi inaweza kuirekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa B12, rangi ikarudi, nguvu zikarudi, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika chini kwa chini. Unapaka rangi nyumba inayoliwa na mchwa.

Alichomwa sindano za B12, mikrogramu 1000 kila moja, kwanza kwa karibu karibu, baadaye kwa nafasi. Omeprazoli ikasimamishwa, maana aliyeianzisha alikusudia wiki chache. Metfomini ikabaki, dozi ile ile. Akaruhusiwa mayai, maziwa, na dagaa, ambao alikuwa akiwapikia wajukuu na kuwatazama wakila.

Mwezi wa tatu tangu aanze sindano alikuja dukani. Nikamuuliza habari za moto. Akasema umepungua, sasa analala hadi adhana. Sisimizi? Wamebaki wachache. Na ganzi? Akanyamaza kidogo. Ganzi ya vidoleni ipo. Nikamwambia kweli, kwamba mshipa wa fahamu hupona polepole, miezi, na uliokaa muda mrefu bila ala pengine haurudi wote; na kwamba sehemu ya ganzi ile huenda ni ya sukari kweli. Angekuja miaka mitatu nyuma maneno yangekuwa mengine. Alitikisa kichwa. Hakuonekana kushangaa, wakulima wanajua mvua iliyochelewa inaokoa nini na haiokoi nini.

Kisha akainua mguu, akauweka kwenye stuli yangu ili niuone vizuri. Alikuwa amevaa viatu vya wazi vya ngozi, vya mafundi wa stendi, vyenye mkanda wa nyuma na bizimu la shaba.

"Hivi haviachwi kwenye bodaboda," akasema. "Ila yule fundi ni mwizi, aliniambia elfu ishirini na tano."

"Ukampa?"

"Nilimpa kumi na nane. Na machungwa matano."